Dalmas na Doa Jeusi la Ubongo

Saa mbili asubuhi, Dalmas Sifuna ananoa kisu ambacho mchinjaji yeyote wa River Road angekicheka. Hakikati nyama. Kinakata ubongo wa marehemu, vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara.

Kisha mkono wa kulia unazungusha gurudumu la mashine ya kukatia. Wa kushoto umo mfukoni mwa koti, na humo mfukoni unatetemeka. Ulianza Machi.

Dalmas, mwenyeji wa Kimilili, ni mhudumu wa maabara. Kwa miaka minne amemkatia daktari mmoja Mzungu, mkazi wa Kitisuru, anayetafiti ugonjwa wa kutetemeka.

"Ubongo una njia kama nyaya za simu," anaeleza. "Hapa chini pana doa jeusi. Waliokufa wakitetemeka, doa limefifia. Nimeona kumi na tisa. Wote kumi na tisa."

Sisi wengine huogopa tusichokijua. Dalmas anakijua chake kwa sura.

Ng'ambo, anasema, wapasuaji wanatoboa fuvu na kuchoma sehemu ndogo ndani, mkono ukatulia. Wengine hutulia mwili mzima.

Basi fikiria Ijumaa iliyopita, daktari alipochungulia mlangoni: "Dalmas! Jumatatu mimi nataka kichwa yako."

Zachariah, mwosha chupa na mtu pekee kazini anayejua siri ya ule mkono, aliangusha brashi. "Mzee, umesikia? Hakusema mkono!"

"Nyamaza wewe."

"Na nani atakukata? Fundi ni wewe peke yako!"

Siku mbili Dalmas hakula. Mkewe Phoebe, anayefua nguo Kileleshwa, alimfungia sanduku la safari. "Afadhali utetemeke kwetu, Baba Rael," alimwambia, "kuliko utulie ndani ya chupa."

Jumatatu alikwenda hata hivyo. Kumbe daktari, ambaye Kiswahili chake hakijawahi kutoka jikoni, alitaka akili yake: awafundishe wahudumu wawili wapya kulitambua lile doa.

Dalmas alicheka hadi akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika. Kufundisha kunataka mikono yote miwili nje, na wanafunzi wanaanza kesho.

Hivyo ameamua kumwambia daktari leo hii. Asipomwambia, gazeti hili litamwambia.

"Huenda akanifukuza," anasema, akiutoa mkono na kuuweka mezani, wazi. "Lakini wale kumi na tisa walifika hapa hawawezi kuulizwa chochote. Mimi nataka aniulize nikiwa bado najibu."

Anavua koti, analitundika, na kwenda kubisha mlango wa daktari.