Mama alisema ndiyo, na mtaa mzima ukasikia

Admin, pole kwa kazi, na ninakuomba jina langu lisitokee popote, maana mtaani kwetu wote wanakusoma, hata wale ninaowaogopa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwalimu wa shule ya msingi hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Mume wangu yuko kwenye machimbo ya dhahabu, tunamwona mara moja kwa miezi mitatu. Nyumbani tuko watatu: mimi, mwanangu wa miaka mitatu, na mama yangu mzazi ambaye amepoteza kumbukumbu. Naandika kwa hofu, kwa hiyo msinicheke kwa makosa. Mwalimu naye huogopa.

Ugonjwa ulianza polepole. Mama alitia chumvi kwenye chai, akaniita kwa jina la dada yake marehemu, akawa anatoka asubuhi kumtafuta baba ambaye tulimzika zamani. Daktari aliniambia ni ubongo umechoka kwa uzee, si ulozi wala laana, na dawa ya kuuponya hana. Hayo yote niliyazoea. Kilichotuponza ni nguo. Kwetu mvua ikitishia na jirani hayupo, unamwanulia nguo zake kwenye kamba, unazikunja, akirudi unampa. Mama alikuwa wa kwanza kwa wema huo miaka yote. Siku hizi anaanua hata jua likiwaka. Anaingia nyua za watu, anakunja vizuri kabisa, anaficha chini ya godoro lake, anasahau. Jioni mimi nilikuwa nazirudisha nikiomba radhi, na majirani tulikuwa tunacheka pamoja.

Wiki iliyopita jirani yangu, nimwite Mama Dorika, alifiwa na mtoto wake wa miaka minne. Malaria. Siku ya tatu ya msiba alikuja kwangu na wanawake wawili kutafuta shati la mtoto ambalo halikuonekana. Nilijua papo hapo lilipo, na hapo ndipo nilipokosea. Nilisema hatujaliona. Nilifikiri nitalirudisha kimya kimya yaishe. Mwanamke mmoja hakuniamini, akaingia chumbani kwa mama, akainua godoro, akatoka nalo mkononi, limekunjwa.

Mama alikuwa ameketi barazani. Mama Dorika akapiga magoti mbele yake, analia, akamuuliza, "Mama, sema kweli. Ni weye ulikula mutoto wangu?"

Kumla mtu huku ni kumuua kwa ulozi. Na lazima mjue kwamba mama sasa anakubali kila kitu. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Ukimuuliza kama yeye ndiye gavana, ndiyo. Akamtazama yule mama kwa upole, akamshika mkono.

"Ndiyo, mama. Ni miye. Usilie."

Uwanja ulijaa watu kabla sijamwingiza ndani. Nilipiga kelele kwamba ni mgonjwa, nikatoa karatasi ya daktari, lakini nani angeisoma? Kijana mmoja akasema, "Amekubali ye mwenyewe, munataka nini tena? Mulete petroli!" Nilidhani nitakufa kwa hofu. Aliyetuokoa ni chef wa avenue yetu, mzee anayesimamia barabara yetu kiserikali. Alisimama mlangoni hadi wakatawanyika, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, miye sina askari. Mutoe mama hapa mbele ya Siku ya Mungu. Bakirudi, sitabaweza."

Leo ni Alhamisi, na Siku ya Mungu ndiyo Jumapili hii. Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa maana, na mlangoni nimeegemeza kabati.

Jana nilikwenda kwenye nyumba ya wazee inayotunzwa na masista. Ni pasafi, pana uzio, wazee wanaogeshwa, wanapikiwa uji laini. Kimebaki kitanda kimoja. Nikamuuliza sista hao wazee, karibu wote wanawake, wametoka wapi. Alinitazama kwanza, akasema, "Siwezi kukudanganya. Bamama karibu bote hapa balifukuzwa kwabo juu ya ulozi. Hakuna mwenye alirudi." Bunia nzima inalijua hilo, nami nilikuwa najifanya silijui.

Kaka yangu mkubwa aliposikia alinifokea. "Ukimupeleka kule, ni siye wenyewe tunatia signature kama mama iko mulozi! Na mutoto wako batamuita nani?" Yeye anataka tumpeleke chumba cha maombi, wamfungie siku saba bila chakula wala maji, eti pepo litoke. Mama amebaki mifupa. Kwa siku saba atakayetoka ni yeye, kwenye jeneza. Kijijini kwetu nako hakuendeki, njia imejaa watu wenye silaha.

Mtasema jibu ni rahisi, apelekwe kwa masista. Ningekuwa nimeshampeleka kama si jambo moja ambalo hata mume wangu sijamwambia.

Mwanangu hula sahani moja na bibi yake. Huku wanaamini ulozi unapitia kwenye chakula. Mimi nina diploma, nawafundisha watoto wa watu habari za mbu na malaria. Juzi mchana mama alimkatia mwanangu tonge la ugali, na kabla halijafika mdomoni nilimpiga mama mkono. Nilimpiga kwa nguvu. Tonge likaanguka, mtoto akalia. Mama akaliokota, akalipuliza vumbi, akaninyooshea mimi. "Kula, mutoto wangu." Sikulipokea.

Kesho sista anangoja jibu. Watu wataniambia nimemwokoa mama, lakini mimi niliuona mkono wangu, na najua siku ile sikuwa namlinda yeye. Nikimpeleka nikiwa na hofu hii moyoni, nitakuwa na tofauti gani na yule aliyeita petroli? Nikimbakisha, watamchoma. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Jibuni leo, msingoje Siku ya Mungu.