Siku Niliyomwomba Bwana Achelewe

Keti, wewe unayenisikiliza, na kabla sijaanza nakuomba jambo moja: usinipigie makofi. Mara ya kwanza nilipotoa ushuhuda wa ugonjwa wangu, watu walipiga makofi mpaka mabati ya kanisa yakatetemeka, na makofi yale nusura yamuue mtu. Huu ni ushuhuda wangu wa pili, na ndio wa kweli. Nitausimulia polepole. Najua wako wengine wanaopita pale nilipopita mimi, na sitaki hata mmoja apotee kwa sababu sikueleza vizuri.

Naitwa Mutiso. Mimi ni fundi wa vitanda. Nilitoka Machakos nikiwa kijana, nikapanga chumba Kambi Muru, hapa Kibera, na mke wangu, ambaye watu wote humwita Mama Ndinda. Kazi yangu niliifanyia Mashimoni, kando ya kibanda cha kuuzia maji: meza moja, randa, msumeno, patasi na turubai la kuzuia mvua. Vitanda vyangu vilikuwa na jina. Sikuvipigilia misumari tu kama wengine. Nilichonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, nikapaka gundi, nikazishindilia mpaka zikashikana kama mkono na bega. Kitanda cha namna hiyo hakilii.

Jumapili alasiri nilifundisha kanisani kwetu somo la kurudi kwa Bwana Yesu. Nilikuwa nimechora kwenye gunia jeupe la unga: mawingu, tarumbeta, makaburi yaliyofunguka, na mji unaong'aa. Mungu alinipa kipawa cha kueleza. Mwanamke aliyekuja mgongo umepinda kwa kufua nguo za watu wiki nzima aliondoka amenyooka. Na mimi mwenyewe niliitamani siku ile. Ukiishi mahali ambapo mvua ikinyesha maji ya mtaro yanaingia mpaka chini ya kitanda, habari ya kwamba iko nyumba nyingine si jambo dogo. Niliamini hivyo, na naamini hivyo hata leo.

Lakini miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea mwisho, watu wengi walianza kusema kwamba hatutauona mwaka elfu mbili. Nami nikalichukua neno hilo na kulifundisha. Hapo ndipo tumaini langu lilipoanza kuoza, na liliozea ndani, kama mbao inayoliwa na mchwa huku juu ikionekana nzima. Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye kazi. Niliacha kuchonga ndimi. Niliacha gundi. Nilipiga misumari tu, nikasema yatosha.

Mmoja wa walionunua vitanda hivyo alikuwa Mama Atieno wa mtaa wa Kisumu Ndogo, muuza dagaa wa omena, mjane tuliyesali naye. Alirudi baada ya siku tatu, mikono kiunoni.

"Fundi, hii kitanda yako inalia hata kabla sijalala."

"Mama Atieno," nikamwambia, "Bwana yuko mlangoni. Vitanda vya kudumu ni vya nini?"

"Sawa. Na akichelewa kidogo, mimi nilale chini na panya?"

Watu waliokuwa wakichota maji walicheka, nami nikacheka. Sikukirekebisha kile kitanda.

Kikohozi kilinijia mwaka huohuo. Nikasema ni vumbi la mbao. Wiki zikapita. Nilianza kuamka shuka limelowa jasho kama limetolewa kwenye beseni. Nyama ziliniisha; nilitoboa mshipi wangu tundu jipya, na baadaye jingine. Kisha asubuhi moja nilikohoa juu ya meza ya kazi, nikaona damu imetua kwenye maranda. Niliyafunika haraka kwa kiganja, kama mtu aliyeiba. Nilijua majirani wangesema nini. Siku hizo mtu akikonda, watu hawakuuliza ni ugonjwa gani. Waliangaliana tu.

Mama Ndinda aliiona damu kwenye kitambaa changu alipokuwa akifua.

"Hii pia ni vumbi la mbao, Baba Ndinda?"

Alinishika mkono, akanipeleka kliniki.

Walinipa kikopo kidogo nitemee makohozi, asubuhi tatu. Majibu yalipotoka, muuguzi, mwanamke mpole tuliyemwita Sista, alinikalisha chini. "Mzee, hiki ni kifua kikuu. Kinapona. Utachomwa sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, na vidonge utameza mpaka tukwambie basi. Mkojo utakuwa mwekundu, usiogope." Kisha akanyanyua kidole. "Nisikilize hapa. Utajisikia mzima kabla hujapona. Hapo ndipo watu hupotea."

Kwenye foleni ya sindano, wiki yangu ya mwisho, nani nikamwona? Mama Atieno. Naye alikuwa na kikohozi. Tuliangaliana, kila mmoja akatazama pembeni. Sisi wawili tuliokuwa tukiimba pamoja juu ya miili mipya, tuliona aibu ya hii ya zamani.

Dawa zilifanya kazi. Makalio yaliuma kwa sindano hata kukaa ilikuwa shida, lakini kikohozi kilikatika, jasho likakauka, na mwezi wa tatu nilikuwa nakula sahani mbili za ugali. Vidonge nilivificha kwenye kopo la misumari ili wateja wasivione. Kila nilipoingiza vidole kwenye misumari kutafuta dawa, aibu ilinichoma. Nikaanza kujiuliza: mimi, mwalimu wa kurudi kwa Bwana, akija leo atanikuta nimeshika nini?

Basi Jumapili moja nilisimama mbele ya kanisa na bahasha ya vidonge mkononi. Nilieleza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilieleza vizuri sana. Nilisema nimepona kabisa. Nilisema kwamba anayemngoja Bwana wiki hii hapangi dawa za miezi. Nikaiweka bahasha chini ya mimbari, na mabati yakatetemeka kwa makofi. Mama Atieno alikuwa mstari wa pili, analia. Alikuwa hajamaliza hata mwezi mmoja wa sindano.

Siku chache baadaye alipita Mashimoni na beseni lake la omena kichwani.

"Fundi, zangu nimetupa choo. Umenifungua macho."

Nilijisikia mkubwa. Nisikufiche, nilijisikia mkubwa mno.

Baada ya miezi kama miwili kifua changu kilianza tena. Kwanza kidogo, asubuhi tu. Nikakohoa kwa kujibana, nikiziba mdomo kwa kofia. Jumapili moja nilikohoa damu kabla ya kwenda kanisani, nikanawa, nikavaa koti, nikaenda kufundisha. Mlangoni Mama Atieno alikuwa ananingoja. Macho yalikuwa yameingia ndani, na kitenge alikuwa amekizungusha mara mbili kiunoni.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "niambie ukweli. Wewe kifua haijarudi? Yangu imerudi. Ama ni imani yangu ndiyo ndogo?"

Ladha ya damu ilikuwa bado mdomoni mwangu.

"Mimi niko sawa kabisa," nikamwambia. "Shikilia tu, mama. Ni siku kidogo zimebaki."

Hilo ndilo neno ambalo nimetembea nalo miaka hii yote. Kifua kikuu ni ugonjwa tu. Neno lile lilikuwa langu mwenyewe.

Hakuja Jumapili iliyofuata. Niliambiwa kaka yake amemchukua, amempeleka kwake Kawangware, pamoja na vyombo vyake vyote. Na mimi, wiki hiyohiyo, nilianguka juu ya meza ya kazi msumeno ukiwa mkononi. Mama Ndinda aliazima mkokoteni wa mitungi ya maji, akanipakia kama gunia la makaa, akausukuma mpaka kliniki, watu wakitazama.

Sista hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. "Karibu tena, Mzee," alisema, akaanza kujaza kadi yangu ya dawa upya. Sindano upya, vidonge zaidi ya vile vya kwanza, na muda mrefu zaidi. Nilipopata nguvu ya kukaa, alichomoa kadi nyingine kwenye sanduku. "Huyu naye alipotea wakati uleule. Ni wa upande wenu. Unamjua?"

Nilisoma jina la Mama Atieno.

"Simjui," nikasema.

Jioni nilimweleza Mama Ndinda yote. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuniangalia mpaka nilipomaliza. Kisha akaelekeza kidole kwenye lile gunia nililolitundika ukutani, lenye mawingu na tarumbeta.

"Baba Ndinda, wewe ulikuwa unamngoja Bwana, ama ulikuwa unatoroka Kibera?"

Akamimina maharagwe kwenye sufuria.

"Mgeni akikutumia habari kwamba anakuja, unaacha kufagia? Akija kesho, akuulize, Mutiso, Mama Atieno yuko wapi, utamwonyesha hiyo picha?"

Nilipiga magoti pale pale, kando ya sufuria ya maharagwe. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemwomba Bwana aje upesi. Siku ile niliomba kinyume. Nilisema: Bwana, nakuomba uchelewe. Chelewa mpaka nifike Kawangware. Niliona haya hata kuyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu, lakini sikuwa na maombi mengine.

Sista aliniambia ningoje wiki kadhaa ili dawa zishike, nisije nikawaambukiza watu. Zile wiki zilikuwa ndefu kuliko ugonjwa wenyewe. Kila asubuhi niliwaza kwamba huenda amekwisha kufa. Nilimwambia Sista ukweli kwamba namjua, akanipa kadi ya Mama Atieno. "Mpelekee," alisema. "Kliniki yoyote itaipokea." Nilipoweza kutembea, nilipanda mpaka Ngong Road, nikafuata njia ya Dagoretti Corner, nikipumzika kila penye jiwe. Kawangware nilimuulizia kaka yake, fundi wa viatu, mpaka nikaelekezwa mtaa wa Gatina.

Mama Atieno alikuwa hai. Alikuwa amelala, mabega yamechongoka kama mabawa ya kuku. Kitanda nilikitambua kabla sijamtambua yeye. Kilikuwa kile changu cha misumari. Mguu mmoja ulikuwa umeng'oka, wakaweka matofali.

"Ona nani amekuja," alimwambia kaka yake, akihema. "Fundi wa mbinguni."

"Mama Atieno, nimekuja kukuambia kitu."

"Bwana amefika?"

"La. Nilikudanganya. Ile Jumapili uliyoniuliza, nilikuwa nimekohoa damu asubuhi. Imani yako haikuwa ndogo. Ni dawa tuliacha, wewe na mimi, na wewe uliacha kwa sababu yangu."

Nilisikia kifua chake kikipiga mluzi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akageuka, akatazama ukuta. Hakuniambia amenisamehe. Kaka yake alishika nyundo yake ya viatu, nikadhani atanipiga nayo, na ningekubali. Aliuliza tu: "Sasa tufanye nini?" Nikampa kadi. Kesho yake asubuhi tulimpeleka kliniki ya huko, kaka yake akisukuma mkokoteni, mimi nikishika kando.

Sitakudanganya tena: hakurudi alivyokuwa. Pafu moja liliharibika. Hawezi tena kubeba beseni kichwani, anauza omena ameketi. Lakini alimaliza dawa, nami nilimaliza zangu, na mwaka elfu mbili ulifika ukatukuta wote wawili tunapumua. Kanisani nilisimama tena nikiwa na kadi yangu mkononi, nikasema yote niliyokwambia hapa. Hakuna aliyepiga makofi. Walipotoka, mzee mmoja alibaki nyuma, akatoa kibahasha cha vidonge ndani ya soksi, akaniuliza vinamezwa kabla ya chakula au baadaye. Nilikaa naye, nikamweleza.

Nilirudi Gatina na patasi na gundi. Niling'oa misumari yote ya kile kitanda, nikachonga ndimi na matundu, nikakiunganisha upya. Mama Atieno aliketi mlangoni akinitazama. Nilipomaliza akakikalia, akajitingisha kulia na kushoto. Hakikulia.

"Hii ni ya kulalia mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka Bwana aje."

"Na akichelewa?"

"Kitakuwa bado kimesimama."

Ndipo aliponicheka. "Basi nimekusamehe, fundi. Lakini siku nyingine ukitaka kunishuhudia, kuja na kadi."

Namshukuru Mungu kwa Sista, ambaye hakunifungia mlango. Namshukuru kwa Mama Ndinda na mkokoteni wake. Namshukuru Bwana kwamba siku ile alichelewa. Sasa namngoja tena, na simngoji kwa kutoroka. Ninachonga ndimi zangu, na gunia langu liko ukutani, ila pembeni yake nimetundika ile kadi yangu ya dawa, iliyojaa alama mpaka siku ya mwisho.

Nawe uliyenisikiliza, kama umewahi kumwambia mgonjwa aache dawa, usilale kabla hujamwendea. Na kama dawa ni zako, usizifiche na usione haya. Ziweke juu ya meza, karibu na kikombe. Kesho ukiamka, zimeze kwanza, kisha piga magoti umwombe Bwana aje.