Mishipa Aliyoipaka Rangi

Kinyozi yule alikuwa na mdomo usiojua likizo, na fahari yake kubwa ilikuwa mkewe. Mke alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali, chumba kisicho na dirisha, akipaka rangi vipande vya nyama vilivyotolewa miilini mwa watu ili madaktari wavisome kwa hadubini. "Mimi hospitali hawanibabaishi," kinyozi aliwatambia wateja. "Nina mtu wangu ndani."

Basi alipoanza kukojoa damu, madaktari wakamkata kipande kidogo cha nyama kwenye kibofu ili wakipime, hakukosa usingizi. Sheria ya maabara ilikuwa wazi: cha ndugu yako hukigusi, na majibu hutoka kwa daktari tu. Lakini mama wa watu hakuamini mkono wa mtu mwingine. Alikichukua kipande cha mumewe kimyakimya, akakipaka ile rangi ya kahawia inayoonyesha mishipa ya damu, akainamia hadubini.

Laiti asingeinama. Uvimbe wa saratani ukitaka kukua huvuta mishipa mipya ije kuulisha, na huu ulikuwa umejiandalia karamu. Mishipa ilisongamana, imepinda ovyo ovyo, na saratani ilikwisha kupenya hadi kwenye msuli. Alijua kwamba mishipa ikijaa namna ile, mara nyingi ugonjwa hurudi na kusambaa.

Angemwambia nani? Kusema ni kukiri kwamba amevunja sheria, na tangu kinyozi augue, kazi ile ndiyo iliyoilisha nyumba. Kunyamaza nako ni kumdanganya mumewe. Akaamua kuchangamka. Aliicheka mizaha yote ya mumewe, hata ile mibovu, kisha akaingia bafuni kulia huku bomba limefunguliwa.

Siku ya majibu, daktari alisema kibofu chote kitolewe, tena upesi. Mkojo utaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni.

"Mfuko? Nimnyoe mtu huku nimening'iniza mkojo?" Kinyozi alitikisa kichwa. "Daktari, usinitishe bwana. Mke wangu yuko humo humo maabara. Lingekuwa jambo baya ningeliona usoni kwake. Wiki nzima anacheka tu! Tusubiri kwanza mwaka mmoja, tuone."

Daktari akamtazama mke. Pale kitini mama wa watu alitambua kwamba kicheko chake ndicho kinachomuua mumewe.

"Nimekiona kipande chako," alimwambia mumewe. "Nilikipaka rangi mwenyewe. Mishipa imejaa, baba watoto. Ukisubiri mwaka, sikupati."

Daktari alijifanya anatafuta kalamu. Kazi ndiyo imekwenda, mama aliwaza, na kwa mara ya kwanza hakujali.

"Kumbe wiki nzima unanizika," kinyozi alisema polepole, "huku unanimiminia chai."

Kisha akamwambia daktari wakate. Mke akanyoosha mkono kumshika, naye akauondoa wake.