Ukifika Uzunguni, Shuka

Ukitoka Rudewa kwenda Kimamba kwa baiskeli, unapita kwanza mashamba ya mkonge yaliyoachwa, kisha daraja dogo, kisha mijohoro iliyopandwa kwa mstari. Hapo ndipo Uzunguni. Siku hizo mtu akikuelekeza njia alikuambia, "Ukifika Uzunguni, shuka," na hakueleza zaidi. Ngoja nieleze mimi.

Pale waliishi mameneja wa mkonge: nyumba nyeupe zenye varanda pana, uwanja wa tenisi, bwawa la kuogelea, na ua mrefu kando ya barabara. Mfanyakazi hakuruhusiwa kupita mbele yao ameketi juu ya baiskeli. Alishuka, akaikokota mpaka ua ulipoishia. Mameneja wakaondoka, nyumba zikabaki na popo, na watu wakaendelea kushuka. Ukiniuliza kama ulikuwa uoga, nitakujibu taratibu: mguu ukishazoea kushuka, haukuombi ruhusa. Wazee walizidi. Waliziamkia nyumba zile, "Shikamooni," wakapita bila kungoja jibu.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kimamba yakajaa mitumba na redio, na tajiri mmoja wa mjini akanunua Uzunguni yote ili apafanye mahali pa mapumziko kwa wageni wanaokwenda kuona wanyama Mikumi. Akapaka rangi, akajaza bwawa, akapanga viti. Sisi wapita njia hatukuwahi kumwona mgeni hata mmoja. Lakini taulo zilizoanikwa zilikuwa mbichi kila siku, zikidondosha maji. Na vile viti: asubuhi ukienda sokoni vilikuwa vimeelekea bwawa, ukirudi vimeelekea barabara. Tulishuka, tukakokota, macho chini.

Wifi yangu, mke wa kaka, alimpoteza mtoto wake wa kwanza kwa sababu ya njia ile. Uchungu ulipomshika, kaka alimpakia kwenye keria ya baiskeli ampeleke zahanati ya Kimamba. Walipofika Uzunguni wakashuka kama kila mtu, naye akautembea ua wote ameshikilia kiti cha baiskeli. Ua ule si mfupi kwa mwenye uchungu. Zahanati walifika, ila mtoto alizaliwa kimya.

Mimba ya pili, uchungu ulianza mchana, jua likiwa kali. Mimi nilifuata nyuma kwa baiskeli ya kuazima, nimefunga kanga na beseni kwenye keria. Mijohoro ilipoonekana, kaka akapunguza mwendo.

"Unafanya nini?" wifi akauliza.

"Uzunguni hapa, mama."

"Leo sishuki. Na wewe hushuki."

"Lakini watu wote..."

"Watu wote hawana mtoto tumboni. Kanyaga!"

Akakanyaga. Tukapita tumeketi, mara ya kwanza maishani mwetu. Hapakuwa na upepo. Majani ya mijohoro yalitulia kama yaliyochorwa. Viti vilikuwa vimeelekea barabara. Katikati ya ua wifi akageuzia uso varanda, akasema kwa adabu, kama anayepishana na wakwe, "Shikamooni. Mtuwie radhi, tuna haraka."

"Marahaba," sauti ya mwanamke mtu mzima ikaitikia, tulivu, kama ya mtu aliyeketi. "Piteni."

Varanda ilikuwa tupu. Kaka akaacha kukanyaga, baiskeli ikayumba. Wifi akampiga ngumi mgongoni.

"Kanyaga, baba! Wameshaitikia, unangoja wakukaribishe chai?"

Zahanati nesi hakupata hata nafasi ya kufunga aproni. Sisi tuliobaki nje tulisikia kilio, kikakatika. Kaka akanishika mkono. Kikaanza tena, kwa hasira, na kaka akakaa palepale vumbini.

Nilipoingia, wifi alikuwa amelala ubavu, binti yake mbele yake, kidole kimoja amekiweka chini ya pua ya mtoto. Nikamwambia apumzike, nitamwangalia mimi.

"Wewe keti tu, wifi," akasema. "Bado namsikiliza."

Kidole hakukiondoa.