Betri Niliyoifunga Kiunoni

Kaka yangu alikuwa mpiga picha hodari na mtu mwenye roho mbaya, na Garissa ya miaka ya tisini ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa sifa zote mbili. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la mifugo. Wanaume walikuja kwa picha za kitambulisho, na madalali wa ng'ombe walikuja kupigwa wakiwa wameinua mkono ili saa ionekane. Lakini kazi yenye faida ilikuwa harusi, na kwenye harusi zetu wanaotaka picha ni wanawake, wakiwa peke yao ndani, mashungi yamevuliwa, madera ya hariri yamevaliwa, dhahabu yote ya ukoo iko shingoni. Mwanamume haingii humo. Ndiyo maana kaka yangu, ambaye hakuwahi kunisifu hata kwa chai, alinifundisha kamera.

Alinifundisha kwa matusi. Niliposahau kuzungusha filamu aliniuliza mbele ya wateja kama akili niliiacha shuleni pamoja na daftari. Nilivumilia, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa na kulikuwa na mtu Modogashe. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, ana lori, ana mke, ana ndevu zilizopakwa hina, na alikuwa ametuma wazee mara mbili kuniomba. Mama alimtaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mimi nilitaka kubaki studio.

Baba alikuwa mtu wa haki na wa polepole. Aliniita "aabo," maana kwetu mzazi humwita mtoto kwa cheo chake mwenyewe, baba humwita mtoto baba, na mama humwita hooyo, yaani mama. Jioni moja alitoa neno lake mbele yetu sote. Mama mmoja muuza dhahabu, tajiri kuliko wote mjini, alikuwa anamwoza binti yake baada ya wiki tatu, na studio yetu ndiyo iliyoitwa. Nikipiga picha hizo vizuri, nitabaki studio na wazee wa Modogashe wataambiwa hapana. Nikiharibu, nitaolewa. Kaka akasema sawa. Mama aliendelea kuchambua mchele bila kuinua kichwa.

Tatizo langu lilikuwa mwanga. Siku ya ngoma ya wanawake madirisha huzibwa kwa mablanketi ili mwanamume asichungulie, na saa tisa alasiri chumba kinakuwa giza kama ghala. Flashi ya kaka ilikula betri nne za tochi, na betri za madukani mwetu zilikuwa zimeshaokwa na jua kwenye malori kabla hazijatufikia. Baada ya picha thelathini, ile taa nyekundu inayosema flashi iko tayari ilichelewa mpaka wanawake waliopangwa wakapata muda wa kugombana na kupatana.

Basi nikaamua kutengeneza betri yangu. Kwa fundi wa gereji, mtu wa bara aliyezoea kutucheka, nilipata betri ya pikipiki ya volti sita, ndogo kama tofali nusu. Nilichonga vijiti vinne vya mti, unene na urefu sawasawa na betri za tochi, nikavipigilia misumari ya shaba kwenye ncha na kuviingiza ndani ya flashi badala ya betri. Kutoka kwenye vijiti hivyo nilivuta nyaya mbili hadi kwenye betri kubwa. Mara ya kwanza nilizigeuza, chanya kwenye hasi, moshi ukatoka, na kaka akacheka mpaka akakaa chini. Sikula siku ile. Nilifungua flashi nikakuta kijiwaya kimoja tu ndicho kilichoungua, nikakilehemu upya.

Baba ndiye aliyenipeleka kwa mshona viatu nikashonewa mkoba wa ngozi wa kufunga kiunoni, na ndiye aliyebeba betri mwenyewe kwenda kuchajiwa, mikono miwili, kama anabeba mtoto mchanga. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. "Fundi," alisema, "hii betri jasa fisuri. Bole bole. Hii ni kasi ya msichana yangu." Fundi alicheka. Baba hakujali.

Nilipojaribu, flashi iliwaka mara mia moja na ishirini ukutani, haraka kama kupepesa jicho. Kaka alitazama mpaka mwisho, kisha akasema anaenda kununua sigara. Nilijua nimeshinda. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Alhamisi betri ilirudi imejaa. Niliigusisha kwenye balbu ndogo niliyoiweka kwa kujaribia, ikawaka nyeupe kabisa. Saa kumi na moja jioni baba alikuja na wazee wenzake wawili na redio isiyo na betri. Miaka ile, vita vikiwa ng'ambo ya mpaka na kila nyumba ikiwa na mtu wake huko, hakuna aliyekosa habari za Kisomali za saa ile. Mji mzima ulinyamaza. Baba aliniomba betri kwa nusu saa. Nani angemnyima baba yake habari? Walisikiliza, wakaomba dua, wakanirudishia.

Siku ya pili, baada ya swala, nilikuwa nimechelewa. Balbu yangu sikuiona mahali pake. Nikasema moyoni, jana imejaa, leo itakwenda wapi? Betri za tochi za akiba niliziacha mezani kwa kiburi.

Picha tano za kwanza zilikwenda vizuri. Ngoma ilikuwa inapigwa, wanawake wakiingia kati mmoja mmoja kucheza, bi harusi ameketi anameremeta. Kisha taa nyekundu ikaanza kuchelewa. Kisha haikuwaka kabisa. Nilipobonyeza, flashi ilitoa kimwanga cha kiberiti tu. Wanawake waliona kimemeta, wakaridhika, wakaitana wengine.

Nilijua, na hilo sitalificha. Ningeweza kusimamisha ngoma nikasema ukweli, wakamtuma mtu dukani. Lakini muuza dhahabu alikuwa amenishika mkono akinionyesha shangazi gani asisahaulike, na nikaona mbele yangu lori la mbuzi. Nikaendelea kubonyeza, filamu tatu nzima. Bibi yake bi harusi hakuwa amepigwa picha tangu azaliwe. Wajukuu walimfunga shungi jipya, akainua kidevu, akaganda. Nilipomaliza akaniuliza, "Nimetoka?" Nikamwambia, "Umetoka vizuri sana, ayeeyo." Akanibusu mkono.

Jumamosi kaka alitoka chumba cha giza akiwa na filamu zinazodondosha maji. Zilikuwa safi kama kioo cha dirisha, hamna mtu ndani, isipokuwa zile picha tano na, hapa na pale, alama ya mkufu. Hakunitukana. Alizitundika mlangoni pa studio, mahali ambapo kila anayepita atapita chini yake, akawa anawaambia wateja, "Tazameni kazi ya injinia wetu." Muuza dhahabu alikuja, akatazama, akaketi kwenye sakafu ya studio akalia kwa sauti, mwanamke mkubwa vile. Binti yake alikuwa ameshasafirishwa kwa mumewe asubuhi.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja mkahawani, mahali baba alipokaa na wenzake. Kwetu binti haji pale, sembuse kupaza sauti. Nilisimama juu yake nikapaza. Nilimwambia redio yake imeniua. Nilimwambia mzee asiye na kazi hata habari za vita ni starehe kwake.

"Nilisikiliza nusu saa tu, aabo," alisema.

"Nusu saa!" Nilimcheka usoni. Wenzake waliangalia vikombe vyao. Baba alijaribu kuinuka, akakosa fimbo yake, akakaa tena. Wazee wa Modogashe walijibiwa wiki hiyohiyo, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kula neno lake hata lilipomkwama kooni.

Siku ya kunipaka hina, mama alinipaka mwenyewe. Alifanya kazi safi, vidole vyote kumi, kisha viganja, akavuka hadi kwenye viwiko. Alipomaliza mkono wa pili alisema, "Baba yako hana kosa. Balbu yako niliichukua mimi. Niliiunga kwenye ile betri Alhamisi mlipolala, nikaifunika kwa sufuria, na alfajiri nikaitoa." Nilimtazama. "Ulikuwa unaingia nyumba za watu kama fundi wa kibarua," alisema. "Mwaka mmoja zaidi, nani angekuchukua? Siku moja utanishukuru, hooyo. Usisogeze mikono."

Hina ilikuwa mbichi hadi viwikoni, sikuweza hata kumsukuma.

Nimesema baba alikuwa mtu wa haki. Kila mwezi alipanda juu ya lori, kwenye jua, pamoja na magunia, akaja Modogashe kunitazama. Aliniletea sukari, tende, kitambaa. Hakukaa ndani. Alikaa mlangoni, akiuliza kama mke mwenzangu ananitendea vizuri, na akisikia hapana, na jibu lilikuwa hapana mara nyingi, aliinamisha kichwa. Neno moja kutoka kwangu lingemnyoosha mgongo. Sikulisema. Mwanzoni nilijiambia namlinda mama asipewe talaka. Huo ulikuwa uongo. Nilipenda kumwona ameinama. Mume wangu hakuniinamia, kaka yangu hakuniinamia, dunia nzima nilikuwa na mtu mmoja wa kumtesa na nilimtumia.

Mwaka wa nne akalazwa Garissa, nikaruhusiwa kwenda. Alikuwa amebaki mifupa. Mama alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, tasbihi mkononi. Baba alinishika kidole, mkono mzima ulimshinda.

"Aabo," alisema, "mwenzako nakwenda. Ile siku nilikuharibia maisha yako kwa upuuzi wangu. Niambie umenisamehe, nisiende nayo."

Mama alinitazama. Tasbihi yake ilisimama. Alikuwa anangoja niseme, na nadhani wakati ule hata yeye alitaka nimtaje.

"Nimekusamehe, baba," nikasema.

Alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni. Akanishukuru.