Kitako Chepesi, Mtutu Mzito

Mimi ni mtu wa kusema ndiyo. Tangu nitue Dubai sijawahi kumwambia bosi kwamba kitu fulani sikijui, na sioni dalili kwamba nitaanza leo. Nikiulizwa kama naweza kutengeneza kabati la pembe saba, nasema "No problem, sir," halafu najifungia chooni na simu kutafuta kabati la pembe saba ni mnyama gani. Wenzangu wote hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba wao wakishasema ndiyo hunyamaza, mimi huongeza maneno.

Kwa hivyo arbab wetu, mwenye karakana ya samani ninayofanyia kazi huku Dubai Investments Park, aliposimama kando ya meza yangu akaniuliza kama najua mambo ya vitako vya bunduki, nilijibu kabla hajafunga mdomo. "Very much, sir. In Kenya I was doing only that." Haki ya Mungu, sijui maneno yale yalitoka wapi. Bunduki pekee niliyowahi kushika niliichonga mwenyewe kwa mti wa mkaratusi nikiwa darasa la nne, na mwalimu akaitia jikoni kupikia uji wa shule.

Bunduki aliyoiulizia arbab ilikuwa ya babake. Mzee alikuwa na desturi ya kwenda kila msimu wa baridi, yeye na ndugu zake, katika nchi moja ya milima kuwinda mbuzi mwitu. Ilikuwa bunduki ya nusu otomatiki: ukishafyatua, inajipakia risasi nyingine yenyewe, na vyuma na springi za kufanya kazi hiyo ndizo zinazoifanya iwe nzito. Uzito haukuwa shida mpaka mzee alipopasuliwa bega la kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaoshika mbele na kubeba. Arbab hakutaka babake aende tena. Mzee akasema ataenda hata kama ni kwa machela. Wakagombana, wakasusiana, mwishowe wakakubaliana hivi: kabla tiketi hazijakatwa, mzee atasimama uani kwake na bunduki tupu begani, na mwanawe atakunywa kikombe kimoja cha gahwa, kahawa yao ya Kiarabu. Mtutu ukikaa sawa mpaka kikombe kiishe, mzee anasafiri. Ukishuka, khalas, mzee anabaki nyumbani na bunduki inauzwa.

Sharti la mzee lilikuwa moja tu, kwamba kwanza bunduki ipunguzwe uzito. Arbab alinieleza haya yote kwa uso wa mtu aliyetumwa jambo asilolipenda.

Kilicholetwa karakanani kilikuwa kitako peke yake, kipande cha mbao ya mjozi, kizuri mpaka nikaona haya kukishika kwa mikono yenye gundi. Chuma kilibaki chini ya kufuli kwa fundi wa duka la bunduki, kama sheria inavyotaka. Hilo halikunisumbua hata kidogo. Mbao ninaijua, nikajiambia, na hizo habari nyingine ni za wenye vyuma.

Nilifungua kile kipande cha mpira kinachokaa begani, nikatoboa kitako kwa ndani, nikakomba na kukomba mpaka kikabaki ganda. Jioni nilikuwa naenda kambini na picha zake kwenye simu. Kila hatua nilikuwa nakipima kwa ile mizani ya kuning'iniza ambayo kila mmoja wetu anayo, ya kupimia mabegi kabla ya safari ya nyumbani. Kilo ikawa nusu kilo. Nusu kilo ikazidi kupungua. Mganda tunayelala naye chumba kimoja, yeye ni mlinzi kwenye maduka makubwa, alizitazama zile picha kwa muda mrefu.

"Ssebo," akaniambia, "na bunduki yenyewe uliiona lini?"

Nikamwambia alinde mlango wake aniachie kazi yangu.

Siku ya kukirudisha nilikwenda Al Baraha, kwenye nyumba ya zamani ambayo mzee amekataa kuihama. Fundi wa duka la bunduki, Mpakistani asiyependa maneno, alikuwa ameshafika na chuma kwenye sanduku lake. Nilimwamkia mzee kwa Kiarabu changu cha karakanani, yaani nusu yake ni majina ya misumari. Akanikatiza.

"Wewe si Mkenya? Basi niamkie kwa Kiswahili, mwanangu. Au kwenu hamna shikamoo?"

Kumbe mama yake alitoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu mara kumi. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kama nimekula, akauliza wazazi wangu hawajambo, halafu akaniuliza nimekisoma wapi Kiswahili hiki kinachokwaruza. Nikasema ni cha bara. Akasema pole.

Fundi akaiunga bunduki, akaikagua mara mbili kwamba ni tupu, akampa mzee. Mzee akaipokea kwa mkono mmoja, uso ukamchangamka. "Ebo! Imekuwa nyepesi kweli!" Mimi nikajinyoosha, nikavuta shati vizuri, maana nilijua sifa zinakuja. Kisha mzee akaiweka begani, akaelekea ukuta.

Mtutu ukaanza kushuka pale pale. Akauinua, ukashuka tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka kabla sijamaliza kutabasamu.

"Inanivuta," akasema, "kama mbuzi aliyeona majani. Zamani ilikuwa nzito lakini ilitulia. Hii umenipa kitu gani?"

Fundi wa duka aliichukua bunduki, akailaza juu ya kidole kimoja, akatafuta pale inapokaa bila kuangukia mbele wala nyuma. Ilikuwa mbele kabisa, karibu na mwisho wa mbao. Hapo ndipo hata mimi, mtaalamu mkubwa wa vitako kutoka Kenya, nilipoelewa. Kile nilichokikomba nyuma ndicho kilichokuwa kinausaidia mtutu kukaa juu. Nilikuwa nimempunguzia uzito mkono wake mzima, nikamwongezea ule mgonjwa. Na mimi huyu ndiye hupanga mabegi ya kambi nzima, ninayejua kwamba ukitoa vitu upande mmoja begi linalala upande wa pili. Nilitamani sakafu inimeze.

Lakini unafikiri nilisema nimekosea? Thubutu. "Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza, mzee wangu," nikamwambia. "Kuna hatua ya pili."

Hatua ya pili ilikuwa kurudi karakanani na kitako na kukijaza vile vipande vizito vya kuzamishia nyavu. Nilivinunua, nikavipanga kwenye yale mashimo niliyoyatoboa kwa fahari, nikavizibia kwa gundi. Tuliporudi uani kwa mzee, mimi na fundi wa duka, bunduki ilitulia vizuri kidoleni. Mzee akafurahi, akaiinua, akaishusha haraka. Nikatoa mizani yangu ya mabegi. Fundi akanitajia uzito wake wa kwanza: sasa ilikuwa nzito kuliko siku ilipotoka kwa mwenyewe. Wueh! Siku zote zile nilikuwa naiongezea bunduki uzito, kwa bidii, na picha nikapiga.

Mzee hakunitukana. Hilo ndilo lililoniuma. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akashika lile bega, akasema taratibu, "Ndugu zangu wamebaki wawili tu. Tukifika kule tunalala hema moja, tunagombana nani akoke moto. Risasi hata nisipopiga, si neno. Nikikosa mwaka huu, mwakani sijui tutakuwa wangapi." Nilimwonea huruma, nikajichukia kwa ule mdomo wangu.

Basi kwa mara ya kwanza nikaitazama bunduki nzima, si mbao peke yake. Na wewe ungeitazama ungeona pale pale, maana mtu yeyote mwenye macho angeona. Chini ya mtutu palikuwa na miguu miwili ya chuma ya kuisimamishia chini. Pembeni tochi. Juu, darubini kubwa kuliko chupa ya maji. Vyote vimekaa mbele. Mimi nilikuwa nakwangua vumbi la mbao huku mizigo yote hiyo inaning'inia mbele ya pua yangu.

"Mzee wangu, si tuviondoe hivi?"

"Hivyo haviguswi," akasema. "Ni zawadi za mwanangu. Kila Idi ananiletea kimoja. Nikivitoa atajua sikuvitaka kamwe."

"Na ulivitaka?"

Akatazama mlango kwanza. "Miguu ya chuma ya nini, na mimi nina magoti?"

Tulikaa pale tukishauriana kama wezi. Mwishowe yeye ndiye aliyeipata njia: nitasema ni mimi niliyeamuru, kwa sababu za kitaalamu. Kwa uongo, mzee alikuwa amepata mtu anayefaa. Fundi akatoa miguu, akatoa tochi, akaweka darubini ndogo ya zamani ya mzee mahali pa ile kubwa. Mimi nikavitoa vile vizito vyangu, karibu vyote, nikabakiza vichache tu vya kulinganisha na mbele. Ikasimama kidoleni pale pale katikati ya mikono miwili, na mizani ikasoma pungufu kuliko siku zote. Mzee aliiweka begani, akavuta pumzi, akaishusha. "Sasa hii ni bunduki," akasema. Nilitembea kuelekea kituo cha basi nikijiona mhandisi.

Siku ya mtihani arbab alikuja mchana baada ya swala, akiwa na kanzu nyeupe na uso wa hakimu. Aliiona bunduki, akaona kilichopungua. "Where is the stand?" akaniuliza. "And the light?"

"Balance, sir," nikasema, na jasho linanitoka. "Very technical, sir."

Akanitazama mimi, akamtazama babake ambaye ghafla alikuwa na shughuli na kifungo cha kanzu yake. Hakuuliza tena.

Mdogo kuliko wote ndiye humimina gahwa, na uani pale mdogo nilikuwa mimi. Sasa, nisikilize. Kikombe cha gahwa ni kidogo, hakina hata mkono, na mnywaji huwekewa tone tu chini. Akitosheka anakitikisa kidogo, kumaanisha basi, amemaliza. Hayo nimeyajua baadaye. Mimi nimelelewa na watu wanaomimina chai mpaka ifurike kwenye sahani, kwa hivyo nilikishika kile kikombe cha arbab nikakijaza mpaka ukingoni, moto wake unafuka. Nilipoinua macho mzee alikuwa ananiangalia kwa namna ya kunila nyama. Mtihani wa funda mbili nilikuwa nimeufanya wa funda kumi, na gahwa yenyewe haishikiki kwa moto.

"Yalla, baba," akasema arbab.

Mzee akaupa uwanja mgongo, akaelekea ukuta, bunduki begani. Mtutu ukakaa. Ulikaa sawa kabisa, wallahi, nikasema moyoni kazi ya mikono yangu hiyo. Arbab akagusa kikombe kwa midomo, akakitoa. Moto. Akasubiri. Mimi nikasubiri na buli mkononi. Kiwiko cha kushoto cha mzee kikaanza kucheza, kidogo kwanza. Shingo yake ikavimba mishipa. Kisha ncha ya mtutu ikaanza kuteremka polepole kwenye ule ukuta mweupe, na kila mtu aliyekuwa nyuma yake aliiona, yaani mimi na arbab.

Arbab hakuwa anautazama mtutu. Alikuwa anautazama mgongo wa babake, ile kanzu inayotetemeka mabegani. Halafu akanyoosha mkono, akakitikisa kikombe.

"Khalas," akasema kwa sauti kubwa. "I finished. Khalas, baba, you go."

Mzee akaishusha bunduki, akaiegemeza ukutani, akageuka, jasho linamtiririka mpaka ndevuni, anacheka bila sauti kwa kuishiwa pumzi. "Umeona, fundi!" akanipigia kelele. "Umeona haikushuka! Kazi nzuri hii, kazi nzuri!"

Mimi nilikuwa nimeshakipokea kikombe. Kilikuwa kimejaa. Kilichopungua ni kile tu kilichomwagikia vidole vya arbab alipokitikisa, na vidole vile alivificha kwenye mfuko wa kanzu, havijafutwa, anatazama pembeni. Mzee alikuwa anakuja upande wetu na mikono wazi.

Nikaimeza yote kwa mkupuo mmoja.

"Mbona husemi kitu leo?" mzee akaniuliza, ananishika bega. "Na wewe mtu wa maneno?"

Nikatikisa kichwa tu. Ulimi wote ulikuwa umeungua.