Mimi Si Musawo, Baba

Leo jirani amenifungulia mdomo nimwangalie jino!

Kisa? Baba, askari magereza hapa Mbale, ametangaza kambini kwamba mimi ni musawo, yaani daktari. Kwake, ukisomea mambo ya hospitali lazima utibu watu.

Nikamwambia jirani, naye askari, "Afande, funga mdomo. Nasomea biashara, upande wa kusimamia huduma za afya."

Baba akaruka. "Biashara? Utauza panadol sokoni Nakaloke?"

Nikamuuliza, "Juzi ulishinda kliniki ukarudi bila dawa. Daktari hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Dawa?"

"Zilikuwepo. Ufunguo wa stoo ndio haukuonekana."

Hata mwenye jino alinitazama vingine.

Basi niiteni musawo tena muone.

Mimi nasomea huo ufunguo.